Ulimi Hauulizi Lini

Siku Ulimi ulipolamba sahani ya Kichina na kusema imetengenezwa na Wasengwe, karakana nzima ilipiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshika beseni la mchanga.

Sahani yenyewe ilikuwa nyeupe, ina samaki wa buluu katikati. Mtoto wa darasa la pili angekuambia haikufinyangwa milimani kwetu. Ilitoka ng'ambo zamani hizo, ikapandishwa mlimani kwa kubadilishana na majembe ya chuma, ikavunjikia huko. Vigae vyake niliviunga mwenyewe, kimoja kimoja, nikivisimamisha kwenye mchanga mpaka gundi ishike. Lakini Ulimi haukuwa na habari na samaki. Ulishuka kutoka kwenye sanduku lake la mashine kama siku zote, laini, wa kijivu, umelowa, ukajibandika kwenye ukingo wa sahani na kutulia kama ndama anayenyonya. Kisha ukarudi ndani. Taa ikawaka kijani, na sauti ikasema: "Mkono wa kwanza: ukoo wa Wasengwe. Wazao hai: wapo."

"Mnaona!" Daktari Mlingwa, mkuu wa jumba letu la makumbusho, aliwageukia waandishi wa habari. "Hawa watu mkono wao ulifika hadi China."

"Au Wachina ndio walikuja kujifunza kwao?" aliuliza mmoja.

"Hilo nalo tusilikatae."

Wakaandika. Watu wazima, na akili zao, wakaandika.

Wasengwe! Ukoo ambao mpaka juzi ungeweza kuwaalika wote kwenye harusi moja, ukawaweka chini ya turubai moja, na viti vikabaki. Lakini tangu ipite Sheria ya Mkono wa Kwanza, shamba lolote lenye ugomvi lilitafutiwa chungu kilichochimbwa hapo zamani, Ulimi ukalamba, na aliyetajwa akapewa shamba. Damu za nchi nzima zilikuwa ndani ya Ulimi. Kila mmoja wetu alishachomwa kidole zahanati. Daktari alipenda kuwaeleza wageni kwamba jasho la mfinyanzi likiingia kwenye udongo mbichi huacha kivuli, na moto wa kuni hauwezi kukimaliza kivuli hicho. Ulimi hukisoma, ukakitafutia ndugu walio hai. Basi. Ulipoanza kulamba vyungu vya ghalani kwetu, chungu cha mlimani kikasema Wasengwe. Cha tambarare, Wasengwe. Cha kule ziwani, ambako Msengwe hajawahi kufika hata kwa kupotea njia, Wasengwe. Wasomi wakakuna vichwa, wakapata jibu: palikuwa na himaya kubwa iliyosahaulika. Ukumbi mzima ukafunguliwa, na juu ya mlango wakaandika kwa herufi za dhahabu, HIMAYA YA WASENGWE.

Tulikuwa tunacheka, sisi wa karakanani. Mimi niliacha kucheka pale bakuli la Mvumwe nalo liliposema hivyo hivyo. Mvumwe ni kwetu. Ni bonde la tangawizi na matuta ya mawe, juu yake kuna ndiva, yaani lile bwawa la udongo ambalo watu hulizibua kwa zamu na kuyaelekeza maji shamba kwa shamba. Baba yangu amezikwa pembeni mwa tuta la tatu, mama yangu analima la nne. Tangazo la kuhama lilipigiliwa msumari kwenye mti wa pale ndiva, na mwisho wetu wa kuhama ulikuwa mavuno.

Sasa nikaitazama ile sahani. Ulimi ulikuwa umejibandika ukingoni, upande wa kushoto. Nikakumbuka nani alikuwa akianzia kusafisha ukingoni, upande wa kushoto, kila chombo kilichowahi kuingia humu. Nikakumbuka na ukoo wake. Nikaweka beseni chini, nikavua aproni.

*

Fundi Sikudhani nilimkuta barazani pa nyumba yake mpya, amekaa kwenye kochi ambalo bado lina nailoni ya dukani. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu mweupe, lakini alinijua kwa mwendo.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Unatembea kama mtu aliyebeba maneno. Yatue."

"Leo Ulimi umelamba sahani ya samaki."

"Eh! Ukasemaje?"

"Umesema Wasengwe."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka nailoni ya kochi ikalia chini yake, mpaka akashika ubavu. "Ile sahani, Nakundwa! Ilikuwa na masizi kama sufuria ya msibani. Nililala koo kavu wiki nzima kwa ajili yake!"

Kwa hiyo sikuhitaji kumwambia nimekuja kwa lipi.

Huyu mama ndiye aliyenitoa kwenye machimbo, nilipokuwa nachekecha mchanga, akaniingiza karakanani. Alisema ananichukua kwa sababu naangalia na sisemi. Kabla ya Ulimi, kabla ya glavu na barakoa, kazi ilikuwa ya mdomo. Unazungushia pamba kwenye kijiti cha mwanzi, unailowesha ulimini, unaiviringisha juu ya uchafu. Unaviringisha tu, kusugua ni mwiko. Mate yana uvuguvugu, yana kitu ndani yake kinacholainisha mafuta na masizi bila kuumiza rangi. "Maji ni mgeni, mate ni mwenyeji," alikuwa akisema. "Mgeni huvunja vitu." Siku ya kazi nzito hakula kitunguu wala hakunywa chai ya sukari. Na pamba ikishagusa chungu haikurudi mdomoni. "Labda kama unataka kumwonja babu wa mtu."

Alifanya hivyo tangu akiwa msichana mpaka macho yalipomwisha. Hakuna kitu ndani ya jumba lile ambacho hakikupita mdomoni mwake. Ulimi ulipoletwa, mate yalipigwa marufuku, na bango likabandikwa ukutani. Lakini yaliyopigwa marufuku ni mate ya kesho. Ya jana nani angeyafuta?

"Fundi, si jasho la mfinyanzi linalosomwa. Ni wewe."

"Ulimi hauulizi lini, mwanangu. Unauliza nani." Alifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya khanga. "Mimi nilijua tangu waliponiletea barua ya shamba. Nikasema, jamani, hata sikuwahi kufika huko! Mjukuu wangu akaniambia, Bibi, nyamaza, mizimu imekukumbuka."

"Mvumwe wanahamishwa."

Kicheko kikakatika.

"Nenda kaseme wewe kwenye Baraza la Ardhi," nikamwambia. "Wewe wakikusikia..."

"Niseme nini? Kwamba wanangu waliozaliwa kwenye chumba cha kupanga, leo wana pa kuweka kichwa, warudi? Mimi sikumdanganya mtu. Nilisafisha vyungu. Mliniita mzembe siku hata moja?"

"Hapana, Fundi."

"Basi kilichosema ni Ulimi. Kauambieni ukanushe." Alipapasa mkono wangu, akaupata, akaushika. Mkono wake ulikuwa mkavu kama kigae. "Usinitazame hivyo. Sioni, lakini najua unanitazamaje. Sikiliza. Kuna kitu kimoja sikukitia mdomo. Lile bonge la plasta, unalikumbuka? Kimo humo chungu cha hukohuko kwenu Mvumwe. Wachimbaji walilikata pamoja na udongo wake, wakalifunga kwa plasta, wakaniletea; macho yakawa yameshaisha. Lile ni safi. Kama kuna mwenyewe, yumo mle."

*

Daktari Mlingwa alinisikiliza mpaka mwisho. Hakushangaa, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alisimama, akafunga dirisha, akakaa tena.

"Umetoka kwa Fundi Sikudhani."

"Ulijua, Daktari?"

"Tangu zile shanga za kioo. Shanga za Venisi, Nakundwa. Ukiniambia ni za Wasengwe nitakuamini mimi?"

"Na ukanyamaza."

"Kaa."

"Nitasimama."

"Haya, simama. Wewe ulishinda ndani humu karakanani, hukuyaona. Kabla ya Ulimi, unajua watu walikuwa wanaamuaje mpaka wa shamba? Kwa panga. Kaka yangu nilimzika mimi mwenyewe, tena hakuzikwa mzima. Sasa tazama. Wanapanga mstari, wanasubiri, jina linatajwa. Wanaotajwa wanapiga vigelegele, wasiotajwa wanalia. Wanalia, lakini wanafunga mizigo, wanaondoka. Hakuna anayebishana na Ulimi, maana Ulimi hauna shemeji." Akashusha sauti. "Ukitoka hapo nje ukasema ni mate ya bibi mmoja, kesho mapanga yote yatatoka mvunguni. Mahali pote palipowahi kuhukumiwa. Uko tayari kuwahesabu hao?"

Nilitazama lile dirisha alilolifunga. Mpaka leo sijawahesabu.

"Kwa hiyo Mvumwe wahame kwa ajili ya mate," nikasema.

"Sijasema hivyo." Alifungua droo, akatoa boksi jipya la pamba, akalisukuma mezani mpaka likagusa ukingo wa upande wangu. "Sheria inaruhusu usomaji wa pili kabla watu hawajahama. Lile bonge lipo. Utalifungua wewe, utalisafisha wewe, peke yako. Siku hiyo mimi sitakuwa na haja ya kuingia karakanani." Akanitazama machoni. "Na hiyo barakoa usijisumbue nayo. Kuna joto."

Nilielewa. Mtu akikupa kitu kwa namna hiyo, unaelewa mpaka unaona aibu kuelewa.

"Na ukishapata bonde lenu," akaendelea, "haya mazungumzo yatakuwa yamekwisha. Au siyo?"

"Je, nikilisafisha kwa brashi kavu?"

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika kidogo. "Basi omba lisiseme yatima."

Ardhi yatima tulikuwa tunaisikia tu. Ni pale Ulimi unaposoma mkono na kukosa ndugu aliye hai. Ardhi hiyo inachukuliwa na Hazina ya serikali. Ilishatokea kule tambarare, kwa chungu kilichochimbwa na kulambwa siku hiyohiyo. Sasa pamezungushiwa uzio wa bati, malori yanaingia yamefunikwa na kutoka yamefunikwa, na waliokuwa wakiishi hapo wanauza karanga za kukaanga stendi.

*

Mama nilimweleza yote, maana sina mazoea ya kumficha. Alikuwa anakwangua tangawizi kwa kijiko, amekaa kwenye kigoda mlangoni, miguu ameinyoosha juani.

"Kwa hiyo ni mate tu," alisema.

"Ni mate tu, Mama."

"Nchi nzima hii. Majaji, maprofesa, mabango." Akakwangua kipande, akakitupa kwenye beseni. "Mimi nilidhani ni jambo la maana."

Jirani yetu Mama Kiangi alikuwa anapita na jembe begani, akasimama. "Mama Nakundwa, hiyo tangawizi unaikwangulia nani, Wasengwe?"

"Nawakwangulia! Nataka iwawashe vizuri!"

Walicheka wote wawili, na Mama Kiangi akaenda zake. Mama akabaki na kile kicheko usoni mpaka jirani alipopotea kwenye kona, halafu akakitoa, kama mtu anavyovua kilemba.

"Na huo Ulimi, wa kwetu wote hapa bondeni unatuonaje? Tumeoana mpaka hatujui nani shangazi nani wifi."

"Unatuona ukoo mmoja. Wamvumwe."

"Kwa hiyo mate ya mmoja yangetosha bonde zima."

"Yangetosha."

Alimaliza tangawizi, akaisuuza, akaianika. Jioni tulikula. Nilimwona ametazama upande wa tuta la tatu, palipo na jiwe la kaburi la baba.

Asubuhi nilipokuwa nimeshavaa, alinisimamisha mlangoni.

"Lete mikono."

Nikampa. Akaigeuza viganja juu. Akatema mate mepesi, kama wanavyofanya wazee wa kwetu wanapomtuma mtoto safari: pfu, kiganja cha kulia, pfu, kiganja cha kushoto. Alinifanyia hivyo nilipoanza shule, akanifanyia nilipokwenda machimboni. Kisha akanikunja vidole, kimoja kimoja, mpaka nikawa na ngumi mbili.

"Uende ukasafishe vizuri," alisema. "Usinawe."

"Mama, kazini lazima ninawe."

"Nimekusikia. Na mimi nimesema."

Nikashuka bonde nimekunja ngumi. Njiani watu walinipungia, sikuweza kuwapungia. Walidhani nina hasira.

*

Karakana ilikuwa tupu, kama nilivyoahidiwa. Hata mlinzi alikuwa ametumwa sehemu. Bonge lilikuwa juu ya meza, limefungwa plasta na gunia, kubwa kama kichwa cha ng'ombe. Pembeni palikuwa na lile boksi la pamba.

Nilivaa glavu juu ya mikono ileile, nikaikata plasta kwa msumeno mdogo. Ikaachia. Ndani udongo wa kwetu, mwekundu, bado na mizizi ya nyasi. Nikauvua kwa kijiti, tabaka kwa tabaka, na ukingo wa chungu ukatoka, kisha shingo, kisha bega. Kilikuwa chungu cha kupikia, si cha mapambo. Masizi yalikuwa yameganda chini yake. Mtu alipika humu, watu wakala.

Karibu na mkono wa chungu niliona alama. Mfinyanzi alikuwa amekandamiza kwa kidole gumba ili mkono ushike, na gumba lenyewe lilikuwa bapa, kucha imepasuka katikati. Ufa wa kucha ulikuwa umebaki pale kwenye udongo, mwembamba kama uzi. Nilikitazama kidole kile mpaka nikahisi ninakijua. Mama ana kucha iliyopasuka hivyohivyo, kwa ajili ya kijiko cha tangawizi.

Hapo ndipo nilipovua glavu.

Sasa kilichobaki kilikuwa kidogo sana. Hata mate nisingehitaji kutema. Ningekishika tu kile chungu, kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea maji kwa mkubwa. Baraka ya mama yangu ingeingia pale kwenye gumba, na Ulimi ungesema Wamvumwe, na ndiva ingebaki yetu, na baba angebaki alipo. Nani angeumia? Wasengwe wangekosa bonde ambalo hawakuwahi kulijua. Fundi Sikudhani alishachukua mashamba ya watu kwa mdomo uleule, na anakalia kochi.

Nilisimama pale. Kuna ukumbi mzima upande wa pili wa ukuta, umejaa vyungu, sahani na shanga, na vyote vimezibwa midomo kwa mdomo wa mtu mmoja. Mtu alifinyanga, akachoma, akatumia, akafa, na siku aliyopewa nafasi ya kusema jina lake, akasema la mwingine. Kilichobaki na sauti yake ni hiki. Kimoja tu. Nami nimefundishwa kazi moja katika maisha yangu: kuondoa kisichokuwa cha chungu, na kuacha kilicho chake.

Tena nisijisifu. Nilikuwa na uhakika kitatutaja. Nilishaona kucha. Nilisema moyoni, kama ni sisi, ya nini kuiba kilicho chetu? Na kikitutaja chenyewe, hata siku yale mambo ya mate yakija kujulikana, hakuna atakayetugusa.

Nikaenda kwenye karo, nikafungua bomba. Nikanawa kwa ile sabuni ya karakana yenye harufu ya mkaratusi, mpaka kwenye viwiko, kama nilivyofundishwa. Maji yakaenda.

Kisha nikakisafisha kwa brashi kavu, kwa glavu mpya na barakoa, mpaka kikawa safi kuliko kitu chochote nilichowahi kukisafisha.

*

Alasiri hiyohiyo Baraza la Ardhi lilikaa kwenye uwanja wa shule ya Mvumwe, ili kila mtu aone. Wasengwe walikaa upande wa kilima, sisi upande wa mto. Fundi Sikudhani aliwekewa kiti cha mbele. Mama alikaa kati ya wanawake wa kwetu, amevaa kitenge chake cha sikukuu, na nilipopita na chungu alinikonyeza. Mama yangu, ambaye sijawahi kumwona akimkonyeza mtu, alinikonyeza.

Daktari Mlingwa aliweka sanduku mezani. Alinitazama kwa kitambo, akatabasamu kidogo, kama watu wanaojua jambo moja. Ulimi ukashuka. Ulijibandika pale pale kwenye alama ya gumba, na ukakaa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuuona ukikaa. Mtoto alilia mahali, akanyamazishwa.

Ukajirudisha. Taa ikawaka, na haikuwa kijani.

"Mkono wa kwanza: umesomeka," ilisema sauti. "Wazao hai: hakuna."

Hakuna aliyeelewa mara moja. Wanawake wa kwetu walikuwa wameshafungua midomo kwa vigelegele, wakabaki wameifungua.

"Maana yake nini?" aliuliza mzee mmoja wa Kisengwe.

Mwenyekiti wa Baraza alivaa miwani, akaivua. "Maana yake ni ardhi yatima. Usomaji huu wa pili unafuta ule wa kwanza. Bonde linakwenda Hazina."

"Bonde la nani? La kwetu au la hawa?"

"Lote, mzee. Si lenu, si lao."

Daktari Mlingwa alikuwa ananitazama. Alinitazama kama unavyomtazama mtu uliyemwachia mlango wazi, nyumba ikaungua, naye akafia ndani.

Nikapiga kelele basi. Nikasema yote, pale mbele ya watu: mate, pamba, shanga, sahani ya samaki. Nikasema hukumu zote zilizowapa Wasengwe ni mdomo wa mtu mmoja, Ulimi hauulizi lini, unauliza nani.

"Na hiki cha leo?" aliuliza Mwenyekiti. "Hiki nacho kina mate?"

"Hiki hapana. Hiki nimekisafisha mimi. Ni safi."

"Basi cha leo ni kweli."

"Ndiyo, lakini..."

"Angetajwa yeye angesema hayo?" mtu alidakia upande wa kilima, na upande wetu kuna waliotikisa kichwa kukubali. Mama Kiangi alikuwa mmoja wao.

Fundi Sikudhani aliomba ashikwe mkono aletwe pale mezani. Alipapasa chungu kwa vidole, ukingo, shingo, bega, akafika kwenye gumba na kutulia hapo. Nilidhani atasema neno. Nilidhani, baada ya yote, atawaambia.

"Umekisafisha vizuri," aliniambia. "Hata mimi nisingekifikisha hapa."

Akaomba arudishwe kwenye kiti.

Watu walitawanyika bila ugomvi. Daktari alikuwa amesema kweli: walilia, lakini hakuna aliyeinua panga. Kwenye barabara ya chini malori mawili yalikuwa yameshafika, yamebeba bati za uzio. Sikujua yaliitwa lini.

Mama alikuja taratibu, akisimama njiani kupokea pole za watu kama mfiwa. Alipofika kwangu hakuniuliza kitu. Aliuchukua mkono wangu wa kulia, akaugeuza kiganja juu, akauinua mpaka puani. Akanusa mkaratusi.

Akaniachia.

"Ulinawa," alisema.